Boksi jeupe nyuma ya logo: kisa cha kava moja la ripoti

Kisa chenyewe ni hiki. Dizaina mmoja ambaye tunasaidiana kazi alipewa ripoti ya mwaka aipange kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, kava lake lote ni kijani iliyokolea, na mteja akamtumia logo ya JPEG. Akaiweka juu ya ile kijani na logo ikakaa pale na boksi jeupe limeizunguka pande zote nne, utadhani imekatwa kwenye gazeti ikabandikwa. Akanitumia faili na swali moja fupi, bakgraundi naitoaje?

Swali hilo mi hupenda kulijibu kwa swali, bakgraundi ni ipi? Sio kejeli. Angalia logo yenyewe ilivyo: kuna duara la bluu, ndani ya duara kuna jani jeupe, herufi nyeupe zimezunguka ukingoni, kuna mstari mwembamba wa njano, halafu chini kuna utepe mweupe wenye maandishi madogo na kingo za bluu na ncha zake mbili zimechomoza nje ya duara. Kati ya utepe na duara, huku na huku, kuna vijinafasi viwili vidogo vya pembe tatu. Sasa hesabu weupe uliopo. Weupe wa nje kabisa, huo ni bakgraundi, hakuna ubishi. Vile vijinafasi navyo ni bakgraundi japo vimefungiwa ndani. Jani, herufi na utepe ni nyeupe ila hizo ni logo yenyewe. Jicho la mtu linajua hayo yote bila kuambiwa, lakini JPEG haijui chochote, kwake pikseli nyeupe ni nyeupe basi, na shida zote zilizofuata kwenye kazi hii zilitoka hapohapo.

JPEG haina chaneli ya alfa, yaani ile sehemu ya faili inayosema pikseli hii ionekane kiasi gani. Haijawahi kuwa nayo tangu ilipotoka mwaka 1992 na wala haikutengenezwa kwa ajili hiyo, ilitengenezwa kwa ajili ya picha. Kwa hiyo hakuna setingi yoyote iliyofichwa kwenye JPEG ya kuwasha uwazi, ukiona mtu anakuambia hifadhi upya JPEG ila bila bakgraundi ujue anakupotezea muda. Alfa ipo kwenye PNG, PSD, TIFF. GIF nayo inajua uwazi ila wa ndiyo au hapana tu, pikseli ipo au haipo, hakuna nusu, ndo maana kingo zake huwa na meno.

Jamaa alianza na njia rahisi kuliko zote, nayo watu wengi huishia hapo. Ukiwa na picha yenye bakgraundi nyeupe unaichagua, unaenda kwenye paneli ya Effects, unabadilisha Normal kuwa Multiply, na boksi linapotea papo hapo. Inafanya kazi kwa sababu Multiply inazidisha rangi ya juu na ya chini, na nyeupe ni moja, moja mara chochote ni chochote. Kwenye karatasi nyeupe au bakgraundi hafifu sana hii ni njia halali kabisa na mi naitumia hasa kwa saini za skani na mihuri, sioni aibu.

Ila hapa kava ni kijani nzito. Tuchukue kijani ya C85 M20 Y90 K10 (asilimia za wino nne za uchapaji, samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK), na bluu ya logo ambayo ikigeuzwa CMYK inakuja karibu na C100 M80. Ukizizidisha unapata C100 M84 Y90 K10. Hiyo sio bluu tena, hiyo ni tope karibu jeusi, wino asilimia 284 zimerundikana sehemu moja. Mstari wa njano wa M20 Y100 unakuwa C85 M36 Y100 K10, yaani kijani chafu kidogo kuliko jirani yake, umekufa. Na herufi nyeupe, jani na utepe zote zimegeuka kijani maana kwa Multiply weupe wote ni bakgraundi, haina cha huyu nyeupe ya nje na yule nyeupe ya ndani. Kwenye skrini jamaa aliona kama logo imekuwa ya kizamani hivi, akadhani inapendeza. Mteja hakuona hivyo.

Kitu kingine ambacho hukioni mpaka uvute karibu ni kwamba weupe wa JPEG sio weupe kweli. JPEG inabana picha kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na pale rangi kali inapokutana na nyeupe inaacha vumbi, pikseli za 251, 248 badala ya 255 ya weupe kamili, vijivu vijivu kuzunguka kila herufi. Juu ya karatasi nyeupe haionekani. Juu ya rangi, kwa Multiply, vumbi lote linabaki pale kama uchafu kwenye kioo.

Akahamia njia ya pili, Object kisha Clipping Path kisha Options, akachagua Detect Edges. Hapa programu yenyewe inatafuta ukingo kati ya nyeupe na rangi, inachora njia, na kila kilicho nje ya njia kinafichwa. Sio mbaya, sema kuna mambo mawili. Kwanza njia ya kukatia ni kisu, hakuna pikseli nusu, kwa hiyo kingo zinakuja kali na zenye vijimeno hasa kwenye mviringo. Pili kuna kisanduku kinaitwa Include Inside Edges, ukikiacha bila tiki vile vijinafasi vya pembe tatu vinabaki vyeupe, ukikitia tiki vijinafasi vinatoboka vizuri kabisa ila na herufi zinatoboka, na jani, na utepe. Ni kulekule, programu haiwezi kujua weupe upi ni wa nani.

(Kama logo ingekuwa duara tupu bila utepe, ningemwambia aiweke kwenye fremu ya duara, avute picha mpaka ukingo wa fremu uingie ndani ya bluu kidogo, kazi imekwisha kwa nusu dakika na ukingo ni safi kuliko PNG yoyote. Watu wanasahau kwamba fremu yenyewe ni mkasi.)

Njia ya tatu ni Photoshop, na hapa ndo alikaa sana. Akachukua Magic Wand, akabofya nje, akafuta, akahifadhi PNG. Magic Wand ina kisanduku cha Contiguous, kikiwa na tiki inachukua weupe ulioungana na pale ulipobofya tu, ambayo ni nzuri, maana herufi na jani zinabaki salama. Vijinafasi akavibofya kimoja kimoja huku ameshika Shift. Mpaka hapo alikuwa kwenye njia sahihi kabisa, kwa mara ya kwanza mtu ndiye aliyeamua weupe upi utoke. Akaiweka kwenye kava na boksi halipo, ila kuna uzi mweupe mwembamba umeizunguka logo yote, kama taa ya mtakatifu.

Ule uzi una sababu yake na ukiielewa hautakusumbua tena. Ukingo wa logo kwenye picha sio bluu halafu ghafla nyeupe, kati yake kuna pikseli za mpito, mfano moja ni bluu nusu na nyeupe nusu, jicho linaiona kama ukingo laini. Kwenye JPEG pikseli hiyo imeshachanganywa, ni bluu hafifu iliyojaa. Tunachotaka juu ya kijani sio bluu hafifu iliyojaa, tunataka bluu kamili yenye uwazi wa asilimia 50 ili kijani ipite katikati. Magic Wand haibadilishi rangi ya pikseli, inaamua tu ibaki au iondoke, kwa hiyo zile bluu hafifu zinabaki na juu ya rangi nzito zinang'aa. Ukiongeza Tolerance, yaani kiwango cha rangi zinazokaribiana ambazo Magic Wand inazichukua, zinapungua ila ukingo unaanza kuliwa. Dawa yake ni menyu ya Layer, Matting, Remove White Matte, ambayo inajaribu kutoa ile nyeupe iliyochanganyika kwenye rangi, au kuipunguza selekisheni pikseli moja kwenda ndani kabla ya kufuta. Kwa logo ya rangi moja kuna njia tamu zaidi, unachukua mwanga wa chaneli wenyewe kama selekisheni, unaugeuza, unamwaga rangi kamili kwenye leya mpya, na kila pikseli ya mpito inapata uwazi wake unaostahili. Ila hii ya kwetu ina bluu na njano na nyeupe za ndani, njia hiyo haikufaa.

Katikati ya hayo alijaribu pia tovuti moja ya kutoa bakgraundi, ikamrudishia logo bila jani. Na akadaunlodi PNG ya logo hiyohiyo kutoka kwenye mtandao ambayo ilikuwa na vile viboksi vya kijivu na nyeupe, kumbe viboksi vimechorwa ndani ya picha yenyewe, danganya toto. Ukitaka kujua uwazi wa kweli usitazame viboksi kwenye brauza, weka faili juu ya rangi yoyote kali uone.

PNG yake baada ya Remove White Matte ilikuwa nzuri, na kwa kweli kwa matumizi mengi tungeishia hapo. Pikseli 900 kwa upana wa milimita 60 ni kama ppi 380 (pikseli kwa inchi), inatosha na kubaki kwa chapa. Nilichomwambia ni kwamba kabla hujaendelea kuosha picha, muulize mteja kama ana vekta, yaani logo iliyochorwa kwa maumbo badala ya pikseli. Hili swali lingeulizwa mwanzo, ila wateja nao ukiwaambia vekta wanakutumia chochote. Huyu alituma "original" kupitia app ya kuchat, ikafika bakgraundi nyeusi tii, maana ilikuwa PNG ya uwazi na app ikaigeuza JPEG njiani ili ipunguze uzito. Ukiomba faili kwa njia hizo mwambie mtu alitume kama dokumenti, sio kama picha.

Kilichotuokoa ni letterhead, ile karatasi rasmi ya barua yenye logo. Muombe mteja PDF yoyote ya zamani iliyotengenezwa na dizaina, barua, kadi, bango, cheti, na mara nyingi logo humo ndani ni vekta bila mwenyewe kujua. Kuipima ni rahisi, fungua PDF uvute mpaka asilimia 6400, ukingo ukibaki mkali kama wembe hiyo ni vekta, ukiona ngazi za viboksi hiyo ni picha. Ya huyu ilikuwa wembe. Tukaifungua kwenye Illustrator, programu ya kuchora vekta, ila hata Inkscape ambayo ni ya bure inafungua PDF na kukupa maumbo.

Na ndani ya vekta weupe wote umeshajibiwa. Nyuma kabisa kulikuwa na mstatili mweupe, mtu aliuweka zamani bila sababu, tukaubofya na kufuta, bakgraundi kwisha. Vijinafasi havikuwa na kitu chochote, ni tupu, kijani itapita yenyewe. Jani, herufi na utepe ni maumbo kamili yenye rangi nyeupe yaliyokaa juu ya bluu. Hapa pana tofauti ambayo kwenye karatasi nyeupe huwezi kuiona kabisa: herufi nyeupe inaweza kuwa umbo lililopakwa nyeupe, au inaweza kuwa tundu lililokatwa kwenye bluu. Moja ni rangi ya ukuta, nyingine ni dirisha. Zikiwa tundu, juu ya kava la kijani herufi zitasomeka kijani, na mteja lazima aulizwe kama anataka hivyo kabla, sio baada.

Tukahifadhi kama faili la Illustrator, kile kisanduku cha Create PDF Compatible File kikiwa na tiki maana InDesign inasoma hiyo PDF ya ndani. Wakati wa kuweka, shikilia Show Import Options iwe na tiki kwenye dirisha la Place. Dirisha litakalofuata lina kitu kinaitwa Transparent Background, na hiki ndicho watu wanakikosa, kikiwa hakina tiki hata vekta safi itakuja na boksi jeupe na utaanza kulaumu faili. Pale pale kuna Crop to, chagua Art au Bounding Box, ukichagua Media utapata logo katikati ya ukurasa mzima wa A4 ulio mtupu. Na ukiona logo ina ukungu kwenye skrini usishtuke, InDesign kwa kawaida inaonyesha picha nyepesi ya muda, bofya kulia, Display Performance, High Quality.

Basi kava likawa safi. PDF ikatolewa, mteja akaiona kwenye simu, akakubali. Proofu, yaani nakala ya majaribio, ikachapwa. Herufi hazipo. Jani lipo, utepe upo, njano ipo, ila jina la taasisi limefutika, duara la bluu tupu.

Jamaa akafungua PDF kwenye simu, herufi zipo. Kwenye brauza, zipo. Akasema ni mashine ya kuchapa. Haikuwa mashine. Nilimwambia afungue faili kwenye InDesign abonyeze Overprint Preview kwenye menyu ya View, na pale pale herufi zikapotea mbele yake kwenye skrini.

Kwenye uchapaji nyeupe sio wino, nyeupe ni karatasi. Herufi nyeupe juu ya bluu maana yake ni amri, kwamba hapa wino wa bluu usiwekwe, acha karatasi ionekane. Lakini kila umbo linaweza kuwekewa overprint, yaani usikate kilicho chini, chapa juu yake tu. Kwa maandishi meusi hiyo ni nzuri sana, nyeusi inachapwa juu ya rangi na hakuna mwanya mweupe karatasi ikiteleza kidogo mashineni. Sasa umbo jeupe lenye overprint linasema chapa juu ya bluu wino sifuri bila kukata chochote. Unabaki na bluu. Kinachowezekana sana ni kwamba zamani herufi zilikuwa nyeusi na overprint yake, mtu akaja akazigeuza nyeupe, rangi ikabadilika na tiki ikabaki. Letterhead nayo huenda miaka yote ilikuwa ikichapwa kwa printa ya ofisini ambayo haijali overprint, hakuna aliyejua.

Simu na brauza nyingi hazijali overprint pia, ndo maana zilikuwa zinaonyesha vizuri. Hata Acrobat kwa kawaida inaionyesha kwa PDF/X tu, ile PDF ya viwango vya uchapaji, na jamaa alikuwa ametoa PDF ya kawaida. Marekebisho yenyewe hayafiki dakika moja, Illustrator, chagua herufi, paneli ya Attributes, toa tiki kwenye Overprint Fill, hifadhi, rudi InDesign usasishe linki. Ila kuanzia siku hiyo mi kila logo ya mtu mwingine naipitisha kwenye Separations Preview, inayoonyesha kila wino peke yake, kabla haijaenda popote, nawasha chaneli moja moja, na hapo weupe wa uongo hauna pa kujificha.

Tukaulizwa pia na wachapaji tutoe PDF/X-1a, na watu wengi wakisikia hivyo wanaogopa kwamba uwazi utaharibika. X-1a kweli haikubali uwazi, toleo lake la 2001 limejengwa juu ya PDF 1.3 na uwazi uliingia PDF 1.4 mwaka 2001. Kama logo ingekuwa ile PNG, programu ingelazimika kuibapa, yaani kuikatakata pamoja na kijani iliyo chini yake vipande vipande, na hapo ndo unaona vile vistari vyeupe vyembamba kwenye skrini na maandishi ya jirani yananenepa. Ila vekta yetu haina uwazi wowote kwa maana ya kiufundi. Haina bakgraundi, tofauti ni kubwa, pale pasipo na umbo hakuna kitu cha kubapa. Ikapita X-1a bila kuguswa. Kama una PNG au kivuli na mchapaji anakubali, omba X-4, hiyo inabeba uwazi ukiwa hai.

Boksi likaisha, overprint ikaisha, halafu ikaonekana wazi kitu ambacho boksi lilikuwa linakificha. Bluu nzito juu ya kijani nzito haisomeki. Ukisimama mbali kidogo unaona utepe na jani zinaelea, duara lenyewe limezama. Hilo haliondolewi na uwazi wowote, na wadizaina wengi hawapendi kulisikia baada ya kuhangaika na bakgraundi siku nzima. Tulimpa mteja sampuli mbili: moja ina mstari mweupe mnene umezunguka umbo lote la nje la logo, nyingine ni ya nyeupe tupu, duara jeupe na herufi na jani zimetobolewa ili kijani ya kava ipite. Akachukua ya pili kwa kava. Kwa kurasa za ndani ambazo ni nyeupe tukaacha ya rangi, na pale juu kwenye kona ambapo inakaa kwa milimita 12 tukatoa maandishi ya utepe maana yalikuwa madogo kama mchwa, hayasomeki.

Mwisho tukamfungia mteja zipu moja yenye logo ya vekta ya rangi, vekta ya nyeupe tupu, PNG ya pikseli 2000 yenye alfa kwa ajili ya slaidi na mitandao, na JPEG yenye bakgraundi nyeupe kwa wale watakaoibandika kwenye barua za Word, maana juu ya karatasi nyeupe hiyo haina ubaya wowote. Kila faili tukaliandika jina linalosema ni la nini, ile nyeupe tupu tukaiita "logo-nyeupe-ya-juu-ya-rangi", kwa sababu mtu akiifungua peke yake ataona ukurasa mtupu na atapiga simu kusema faili limeharibika.